Punda wa mbio akichechemea: yasemwayo na yalivyo

Punda niliyekuwa nikimpania mbio za Maulidi hapa Lamu, daktari wa mifugo amesema ana ugonjwa wa viungo, juu kidogo ya kwato ya mguu wa mbele wa kulia. Tangu siku hiyo kila baraza ninalopita napewa wosia. Mwingi wake si kweli.

“Anakula, basi haumwi.” Hili ndilo limeniponza mimi mwenyewe. Punda huficha maumivu, kuliko hata farasi. Nilichoona ni kwamba alikuwa mzito kugeuka vichochoroni, nikadhani ni uvivu. Mtembeze mwendo wa haraka penye ardhi ngumu, umtazame kichwa: mguu mbovu wa mbele ukikanyaga, kichwa hupanda; mzima ukikanyaga, hushuka. Na akifika kususa chakula, usingoje. Punda asiyekula, mafuta ya mwilini humjaa damuni, na hayo huua upesi kuliko mguu wowote.

“Mchome moto, mguu utakaza.” Chuma cha moto huacha kidonda na hakitengenezi kiungo. Aliyenishauri ameapa kwamba punda wa babu yake alipona hivyo. Sikatai kwamba alipona, ila huenda lilikuwa jipu la kwato. Jipu humfanya punda ashindwe kukanyaga kabisa, kisha likipasuka usaha hutoka na mnyama hutembea, umchome usimchome. Sifa akapewa moto.

“Akinywa dawa akaacha kuchechemea, amepona.” Dawa hiyo, fenilibutazoni, hupunguza maumivu na uvimbe, lakini gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikishalika hairudi. Kumkimbiza wakati dawa imemnyamazisha mguu ni kuumaliza mguu huo. Kwa hiyo Maulidi haya hatumo. Kuwaambia wenzangu kuliniuma, nilikuwa nimejigamba mno.

“Basi mfunge, asitoke.” Kwa maradhi mengine ya kwato ni sawa. Kwa kiungo chake yeye, kusimama kutwa humkakamaza. Daktari ameruhusu matembezi mafupi bila mzigo wala mpandaji, nami nampeleka upande wa Shela maji yakipwa, penye mchanga mgumu; mchanga laini unamchosha. Kwato zinachongwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Pumba nimempunguzia, maana kila kilo ya unene huulemea mguu ule ule. Usiku analala na mwenzake, kwa kuwa punda aliyetengwa na rafiki yake hukosa raha hata akaacha kula.

“Matibabu ni ya matajiri.” Kituo cha punda hapa mjini kipo tangu 1987, na hutibu bure.

“Asiyekimbia ni hasara.” Wangu ana miaka kumi na miwili, na punda aliyetunzwa hupita thelathini. Daktari akiridhika, atakayempanda ni mwanangu wa miaka saba, hatua kwa hatua, kutoka nyumbani hadi msikiti wa Riyadha na kurudi. Kijana ameshaanza kuuliza ni lini.