Je, wajua kwa nini makanisa makubwa ya pwani ya Baltiki ni ya matofali ya kuchoma?

Yakitajwa makanisa ya kale ya Ulaya, wengi huona mawe akilini: Paris, Chartres, Canterbury, majengo yaliyochongwa mpaka jiwe likafanana na kitambaa kilichodariziwa. Ila ukienda kaskazini hadi pwani ya Bahari ya Baltiki, kuanzia Lübeck nchini Ujerumani mpaka Gdańsk nchini Poland, kisha ukavuka kwenda Denmark na Sweden, rangi inabadilika. Makanisa makubwa huko mengi ni mekundu. Yamejengwa kwa tofali la udongo, lile lile la kuchoma analolijua yeyote aliyewahi kujenga Mbeya au Bukoba.

Kulikoni? Watu hao hawakuwa maskini. Baadhi ya miji hiyo ilikuwa na wafanyabiashara matajiri kuliko maaskofu wao.

Sababu ni barafu. Katika enzi ya barafu, tabaka nene liliteremka kutoka Skandinavia na kuifunika nchi yote hiyo. Lilipoyeyuka liliacha mchanga, udongo mwingi wa mfinyanzi, na mabonge ya mawe ya itale yaliyosombwa kutoka mbali. Machimbo ya jiwe laini la kuchonga, kama lile waliloringia Wafaransa, ni nadra mno. Na itale haichongeki kirahisi. Patasi ndiyo inayokwisha.

Kwa hiyo makanisa ya mwanzo yalikuwa ya mbao, au ya mabonge hayo hayo yaliyopasuliwa na kupangwa kwa chokaa: kuta nene, vidirisha vidogo, na matao ya nusu duara. Majengo ya matao ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa ya mtindo wa Romaneski. Wenye fedha waliagiza mawe. Kanisa kuu la Ribe, Denmark, kwa sehemu kubwa ni la jiwe jepesi la volkano lililosafirishwa kwa maji kutoka eneo la mto Rhine nchini Ujerumani. Hesabu mwenyewe gharama ya mashua.

Kati ya miaka ya 1150 na 1160 hivi likaingia tofali, ujuzi ambao inaaminika ulitoka Lombardia, kaskazini mwa Italia. Mfalme Valdemar wa Kwanza wa Denmark alilitumia mapema katika kanisa la Ringsted, na watawa nao wakalichangamkia. Utaratibu hauna kigeni kwetu. Udongo ulichimbwa kabla ya majira ya baridi, ukaachwa nje ili jalidi iuvunjevunje, kisha ukakandwa, ukafyatuliwa kwenye kalibu, ukaanikwa majuma kadhaa, ndipo ukaingia tanurini. Tofali moja lilikuwa na urefu wa sentimita 28 hivi, upana 14 na unene 9, zito la kutosha kumchosha kibarua. Mengine hadi leo yana alama za nyayo za wanyama waliopita juu yake yakiwa bado mabichi uwanjani.

Wakati huo huo Ufaransa ilikuwa na jambo jipya. Mwaka 1144 ilizinduliwa sehemu ya madhabahu ya kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, na mtindo wa Gothiki ukawa umezaliwa. Alama yake ni tao la ncha. Tao la nusu duara lina kasoro moja: ukishapanga upana wake, kimo kimejipanga chenyewe, kwa kuwa ni nusu ya upana. Tena linasukuma kuta kwa nje, ndiyo maana zinakuwa nene. Tao la ncha unaweza kulivuta juu unavyotaka, na uzito wake huteremka zaidi kuliko kusukuma pembeni. Ukuta ukipunguziwa kazi, unaweza kuutoboa madirisha marefu. (Madirisha ya ncha ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kuanzia 1897, ni wajukuu wa fikra hiyo.)

Anayetaka kuona mitindo miwili ikikutana ndani ya jengo moja aende Roskilde, Denmark. Askofu Absalon alianza kulijenga kanisa kuu hilo kwa tofali katika miaka ya 1170, kwa Romaneski. Mwaka 1191 akampokea kiti Peder Sunesen, aliyekuwa amesoma Paris na kuyaona ya huko. Kazi ikageuka ikiwa njiani. Ndiyo maana ndani yake tao la duara na tao la ncha yanaishi pamoja kama wake wenza.

Sasa, tofali halichongwi kuwa malaika wala jani la mzabibu. Mafundi wa Baltiki walifanya mambo mengine, na kwa jicho langu hapa ndipo wanapowapita Wafaransa kwa werevu. Walitengeneza kalibu za maumbo maalumu, hata mbavu za dari na kingo za madirisha zikafyatuliwa kama tofali la kawaida. Mengine waliyapaka mchanganyiko wenye madini ya risasi, yakatoka tanurini yanang'aa kama vigae, meusi au ya kijani, wakayapanga kozi kwa kozi kupishana na mekundu. Penye pengo la sanamu waliweka vishubaka vilivyopakwa chokaa. Matokeo yake ni kuta tupu, ndefu, zenye mistari. Ukali fulani ambao Chartres hauna.

Kilele chake ni Kanisa la Mtakatifu Maria, Lübeck. Askofu alikuwa na kanisa lake kuu upande mwingine wa mji. Wafanyabiashara wakalijenga la kwao karibu na soko, na hawakuficha nia ya kumzidi. Dari yake ina kimo cha mita 38.5, na hakuna dari ya matao ya tofali iliyo juu zaidi duniani. Minara inafika mita 125 hivi. Miji mingine ikaiga kwa wivu. Stralsund ikainua mnara wa mita 151, mpaka radi ilipouangusha mwaka 1647.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Uppsala, Sweden. Mwaka 1287 fundi mwashi wa Paris, Étienne de Bonneuil, aliajiriwa kwenda kujenga kanisa kuu la huko. Wanafunzi wa Sweden waliokuwa wakisoma Paris walimkopesha fedha za safari, yeye na wenzake. Alikuwa mtu wa mawe, aliyekulia penye mawe. Kanisa lilipowekwa wakfu mwaka 1435, ramani yake ilikuwa ya Kifaransa kabisa, na jiwe la chokaa lilionekana milangoni na kwenye nakshi chache. Kuta zilikuwa za tofali.