Lenzi ya kila siku ikifa: namna ninavyochagua mbadala wake

Wiki mbili kabla ya Ramadhani aliniletea kamera yake binti mmoja wa Wete, ambaye hupiga picha za harusi za wanawake hapa Unguja na kwao Pemba. Kamera ilikuwa nzima. Lenzi yake, ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera za kuanzia (milimita chache huchukua eneo pana, nyingi huvuta karibu), ilikuwa ikipiga vizuri tundu lake linapokuwa wazi kabisa, lakini kila alipolipunguza hadi f/8 kamera iligoma na kuandika hitilafu. Kwa fundi dalili hiyo karibu kila mara ina maana moja: umekatika utepe mwembamba wa umeme unaopeleka amri kwenye vipande vinavyofungua na kufunga tundu, utepe ambao hukunjwa na kukunjuliwa kila lenzi inapovutwa. Niliifungua mbele yake nikamuonesha kwa kioo cha kukuzia: ufa kama unywele, umepita katikati ya njia mbili za shaba. Akautazama kwa muda, kisha akasema, "Basi, mwalimu, nitafutie ile ya 18 hadi 300 nimalize kazi moja kwa moja."

Sikumjibu palepale. Nilimuomba afungue kompyuta yake tuzitazame picha za harusi tatu za mwisho, kwa sababu kila faili la picha hubeba ndani yake kumbukumbu ya milimita zilizotumika, ukubwa wa tundu, kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na kumbukumbu hiyo husema ukweli hata pale mpiga picha anapokuwa amesahau. Tukazipanga kwa milimita. Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa la milimita 18, yaani ukomo wa upana wa lenzi yake, na nyingi kati ya hizo zilikuwa picha za mtu aliyejibana ukutani akitafuta nafasi: shangazi amekatwa bega, kitanda cha biharusi kimekosa pembe. Rundo la pili lilikuwa la milimita 55, na humo tatizo lilikuwa jengine. Nyuso zilikuwa karibu vya kutosha, lakini zimetikisika, kwa kuwa chumba kilikuwa na balbu moja na shata ilikuwa imelazimika kwenda polepole. Picha ambazo kweli zilihitaji lenzi ndefu zaidi ya 55 tulizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapo ndipo ninapoanzia na kila anayekuja kuniuliza habari ya lenzi. Lenzi ya 18 hadi 300 ingemuongezea urefu, kitu ambacho hakuwa akikikosa, na isingemuongezea upana wala mwanga, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikimharibia kazi. Nyingi za aina hiyo, zikivutwa hadi mwisho, haziwezi kufungua tundu zaidi ya f/6.3, na ndani ya nyumba zetu za mawe zenye madirisha madogo na kuta nene, f/6.3 ni giza.

Niuelezee upana kwa mfano wa mlango, maana milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ni kipimo kizuri. Chukua kichochoro cha Kiponda ambacho, ukiegemeza mgongo ukutani, kamera inabaki mita 2.5 kutoka mlango wa nyumba ya mbele. Ukiisimamisha kamera wima, na iwe ni Canon ya kuanzia ambayo sensa yake, kile kipande kinachopokea picha, ina takriban milimita 22.3 kwa 14.9, lenzi ya milimita 18 itachukua urefu wa mita 3.1 tu. Kwa kuwa macho yako yako kwenye mita 1.6 hivi, picha itaanzia kizingitini na kuishia kwenye mita 3.1, na mlango wenye kilemba kirefu cha nakshi utakatwa juu. Kwa milimita 17 unapata karibu mita 3.3. Kwa milimita 15 unapata mita 3.7, na mlango unaingia wote bila kuiinua kamera, jambo ambalo lingezifanya nguzo zionekane zinaangukia nyuma. Milimita tatu upande wa juu, kati ya 52 na 55 kwa mfano, hata hazionekani. Upande wa chini ni tofauti ya kupata picha na kuikosa. Kwa sababu hiyo mtu wa Canon anayepiga majengo huwa namwambia aitafute EF-S 15-85mm iliyotoka 2009, na wa Nikon namwelekeza kwenye DX 16-80mm f/2.8-4 ya 2015, ambayo inafika f/2.8 ikiwa kwenye upana wake wote.

Mwanga ndio unaowasumbua zaidi wapiga picha za harusi, na hapa hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kadiri namba ya f inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni hatua mbili, na kila hatua huzidisha mwanga mara mbili, kwa hiyo unapata mara nne. Chumba kinachokulazimisha kupiga kwa 1/30 ya sekunde kwa ISO 3200 ukiwa kwenye f/5.6, kwa f/2.8 kitakuruhusu 1/125. Tofauti hiyo inahusu dakika moja ninayoijali sana, pale bwana harusi anapoingizwa chumbani kumpa mkono mkewe baada ya akdi. Huingia na harufu ya udi, wanawake wanapiga vigelegele, anaweka kiganja juu ya kichwa cha biharusi na kusoma dua, na baada ya pumzi chache imekwisha. Hakuna wa kumwambia arudie. Kwa 1/30 utapata shela lililotulia na mkono ulioyeyuka.

Wengi hunijibu kwamba lenzi yao ina kituliza mtikisiko. Ni kitu kizuri, na nisingependa kukikosa ninapopiga nyumba au mapambo ya ukumbi jioni. Lakini kinatuliza mkono wa mpiga picha. Mtu anayetembea mbele ya kamera kinamwacha atikisike vilevile. Ndiyo maana kwa harusi naiweka lenzi yenye f/2.8 toka mwanzo hadi mwisho mbele ya lenzi yenye kituliza peke yake. Canon walitoa EF-S 17-55mm f/2.8 mwaka 2006, Tamron wakatoa 17-50mm f/2.8 mwaka huohuo bila kituliza, na Sigma wakatoa 17-50mm f/2.8 yenye kituliza mwaka 2010, na zote tatu bado zinapatikana kwa waliozitumia. Zinapoteza milimita tano au hazipotezi kabisa upande wa urefu ukizilinganisha na ile ya 18 hadi 55, na katika picha za binti yule hakuna hata moja ambayo ingeharibika kwa milimita tano.

Kabla ya kutoa fedha, kuna suala la lenzi kuelewana na kamera, na hapa wenye Nikon wawe waangalifu kuliko wenye Canon. Kamera za kuanzia za Nikon, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina ndani yake mota ya fokasi, yaani ya kulenga picha iwe kali, kwa hiyo lenzi za zamani zenye alama ya AF au AF-D zitaingia, zitapiga, lakini utafokasi kwa mkono daima. Unahitaji AF-S au yenye mota yake. Hata ile Tamron ya 17-50mm niliyoitaja, toleo lake la mwanzo kwa Nikon halina mota. Zenye alama ya AF-P nazo ni nyepesi na kimya, lakini kwenye kamera za nyuma kama D3100 na D5100 hazifanyi kazi. Nimewaona vijana wakinunua AF-P kwa sababu ni mpya zaidi, wakarudi nyumbani na lenzi isiyofokasi hata kwa mkono, kwa kuwa pete yake ya fokasi nayo hutegemea umeme wa kamera. Kwa Canon mambo ni mepesi: lenzi zake za EF na EF-S zote huingia kwenye kamera za kuanzia za DSLR, zile zenye kioo ndani, na siku ukihamia kamera zake zisizo na kioo, zinazotumia lenzi za RF, kiungio kitazibeba.

Uzito pia utausikia. Ile Canon ya f/2.8 ina gramu 645, wakati mwili wa kamera kama 2000D pamoja na betri una takriban gramu 475, hivyo kamera huinama mbele na inakubidi uishike kwa lenzi. Vilevile kichujio chake ni cha milimita 77, kwa hiyo kile cha 58 ulichonacho hakitaingia.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha, nami ningependa kila anayepiga harusi za kwetu alijue, ni la ukaribu. Usiku wa hina kazi yetu ni mikono na miguu: maua ya hina, na mistari myembamba ya piko nyeusi iliyozunguka vidole. Lenzi ile ndogo ya 18 hadi 55 ya Canon, ambayo watu huidharau, hufokasi kwa sentimita 25, na ikivutwa hadi 55 sehemu ya upana wa sentimita sita na nusu hivi hujaza picha nzima, yaani mgongo wa mkono bila hata kuonesha kifundo. Sigma ya 17-50mm, kwa umbali wake mfupi kabisa, hujaza sentimita 11, na Canon ya 17-55mm kama sentimita 13. Ukiitupa lenzi ndogo kwa furaha ya kupata ya f/2.8, utakuwa umepata mwanga ukapoteza ukaribu. Anayetaka lenzi moja ifanye yote mawili aitazame Sigma ya 17-70mm f/2.8-4 ya 2013, inayofokasi kwa sentimita 22. Inapungua kufikia f/4 upande mrefu, na mimi naona ni bei ya haki.

Na kwa asiyekuwa na fedha za lenzi yoyote kati ya hizi, nasema wazi kwamba 18 hadi 55 nyengine iliyotumika, pamoja na lenzi ndogo isiyovutwa kama Nikon DX 35mm f/1.8 au Canon 50mm f/1.8, itamfaa kuliko lenzi moja ya urefu mkubwa. Tundu la f/1.8 huingiza mwanga takriban mara kumi ya ule wa f/5.6.

Wako watu ambao ushauri wangu kwao ni kinyume kabisa. Kijana anayepiga wageni wanaoteleza baharini kwa tiara (kite) pale Paje, au mashindano ya ngalawa, anafanya kazi kwenye jua kali ambamo f/5.6 inamtosha siku nzima, na msimu wa kaskazi upepo hubeba mchanga laini unaoingia kila penye mwanya. Huyo asibadilishe lenzi ufukweni hata mara moja, kwa sababu punje moja juu ya sensa itamfuata katika kila picha ya anga. Kwake Canon 18-135mm au Nikon 18-140mm, ikifungwa kwenye kamera asubuhi na kutolewa usiku ndani ya chumba, ni chaguo sahihi. Aizoee tu kuivuta polepole, maana lenzi zote hizi zinazorefuka hunyonya hewa ya nje kila zinapovutwa, na hewa ya Paje ina mchanga na chumvi.

Nyingi za lenzi hizi utazinunua zikiwa zimetumika, na katika visiwa vyetu adui wa kwanza wa lenzi iliyotumika ni kuvu. Niende na binti yule kukagua, hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Tulifungua tundu lote, tukawasha tochi ya simu upande wa nyuma na kutazama kwa pembe kutoka mbele. Lenzi ya kwanza tuliyooneshwa iling'aa kwa nje, lakini kwenye kioo cha ndani palikuwa na nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui mdogo, zikianzia ukingoni. Hiyo ni kuvu, na ikikaa muda mrefu asidi yake hula rangi ya kinga ya kioo, kiasi kwamba hata ukiisafisha alama hubaki. Tukaiacha. Ya pili, ambayo ilikuwa Sigma ya 17-50mm, kioo chake kilikuwa safi. Nikakagua skrubu za pete ya nyuma kuona kama zina kutu ya chumvi, nikaivuta sikioni kusikiliza mkwaruzo wa mchanga, kisha tukapiga kwa f/2.8, f/8 na f/16, kila moja kwenye milimita 17, 35 na 50, kwa sababu utepe uliokatika huweza kujificha kwenye urefu mmoja na kujitokeza kwenye mwengine. Haikugoma hata mara moja, akainunua.

Utepe wa lenzi yake ndogo niliubadilisha baadaye, kipuri kilipofika, nikamrudishia. Sasa zote mbili zinakaa katika boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, ambavyo huvikausha kila mwezi wakati wa masika. Ile ya Sigma haitoki kwenye kamera siku ya harusi. Ile ndogo huifunga usiku wa hina, anapokaa kwenye mkeka na kumwambia biharusi aulaze mkono juu ya mto, piko ikiwa bado mbichi na inang'aa.