Waya haili mzizi wa jino, na alaina siyo kinga

Jamani naomba hili tulimalize, maana kila mara kuna mzazi ananiuliza kitu kilekile: "Dokta, si ni kweli waya za kunyoosha meno zinamaliza mizizi, bora nimwekee mtoto alaina, zile trei za plastiki za kuvaa na kuvua?" Na anakuwa ameshaona video, ameshaamua, anasubiri tu niitikie.

Kinacholiwa kinaliwa na mwili wako mwenyewe. Jino likisukumwa, zile nyuzi zinazolishika kwenye mfupa zinabanwa upande mmoja, damu haipiti vizuri, tishu ya pale inakufa, halafu seli zinakuja kuzoa mabaki na wakati zinazoa zinachimba mpaka kwenye semento, lile ganda la nje la mzizi. Hiyo inampata karibu kila mtu aliyesogezwa meno, ni vishimo vidogo ambavyo hata eksirei haivioni, na msukumo ukipoa vinazibwa. Shida ni ncha ya mzizi, ikishaliwa hairudi. Meno ya mbele ya juu ndio yanaongoza, na wanaopoteza zaidi ya theluthi ya mzizi ni kama asilimia 1 hadi 5 tu.

Jino halijui kama limesukumwa na chuma au plastiki, linajua nguvu, umbali na muda. Daktari wa kunyoosha meno, Ketcham, alishaonyesha kwa eksirei mizizi inavyofupika kule Marekani mwaka 1927, miaka sabini hivi kabla ya Invisalign, alaina maarufu, kwahiyo waya zimechunguzwa karibu karne nzima na lawama zote zimezikuta zenyewe.

Sasa kinachoniudhi. Watu wananitumia tafiti zinazosema alaina inafupisha mzizi kidogo kuliko waya. Zipo, na ukizikusanya wastani unaelekea huko, sikatai. Lakini uliza hao wa alaina walikuwa kina nani! Mara nyingi ni watu wenye meno yaliyobanana kidogo tu, hawajang'olewa jino lolote, ncha ya mzizi haijasafiri mbali, wamemaliza mapema. Wale wa waya ndio waliong'olewa premola nne (yale meno kati ya chonge na magego), meno ya mbele yakavutwa nyuma, wakakaa na waya miaka miwili na zaidi. Ni sawa na kumlinganisha aliyetembea Kariakoo mpaka Posta na aliyetembea mpaka Kibaha, halafu unasema viatu vya wa kwanza ni imara kwasababu soli haijaisha. Tena tafiti nyingine zimepima kwa OPG, ile picha ya mdomo mzima, ambayo jino la mbele likibadilisha tu mwegemeo mzizi unaonekana mfupi na wala haujapungua.

Labda alaina ina faida yake kweli, ukiivua kula jino linapumzika. Ila ivaliwe saa 20 mpaka 22 kwa siku. Ukivaa leo, kesho iko kwenye pochi, jino linaenda na kurudi, na huko kuyumbishwa ndiko tunakokuogopa.

Na vitabu vinapita haraka hapa: hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kabla ya kuanza kwamba wewe utaliwa mizizi. Kuna dalili, ncha nyembamba iliyopinda, jino lililowahi kugongwa (mtoto alianguka na bodaboda? sema mapema), ndugu aliyepata shida hiyohiyo. Lakini nimeona mizizi mifupi ikimaliza salama, na mirefu mizuri ikipungua kwa nguvu ndogo kabisa, na hilo linaninyima usingizi.

Ndiyo maana napiga eksirei ndogo ya meno ya mbele kabla, halafu tena kati ya mwezi wa 6 na wa 9, waya au alaina sawasawa tu. Ncha ikiwa imepungua tunasimamisha msukumo miezi miwili mitatu, kisha tunaendelea polepole au tunapunguza malengo. Anayekuuzia alaina mtandaoni bila hata eksirei moja, mkimbie.

Vifaa vikitolewa kuliwa kunasimama, na jino lenye mzizi mfupi linaweza kukaa miaka mingi fizi na mfupa vikiwa vizima, kwahiyo piga mswaki vizuri na vaa ritena, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Na kabla hujalipia alaina kwa ajili ya mizizi tu, mwambie daktari akuonyeshe kwenye eksirei ncha ya mzizi inatakiwa isogee umbali gani.