Kadi ya Kamera Italala kwa Nani?

Usiku wa kupamba, wanawake wanapokusanyika kumtazama bibi harusi aliyepambwa, katika nyumba moja ya Mkomani hapa Lamu, simu zilikusanywa mlangoni. Shangazi wa bibi harusi alikaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na kikapu mapajani. Hapiti mtu, mgeni wala mwenyeji, mpaka atie simu yake. Ndani mabuibui yakavuliwa, asumini ikanukia nyumba nzima, na aliyebaki na kamera ni mmoja tu, binti niliyemfundisha mwenyewe. Asubuhi yake yule binti akampa kijana wa kiume wa dukani ile kadi ya kamera amsafishie picha, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa mbovu. Kikapu cha shangazi kikawa kazi bure.

Picha hazikusambaa, alhamdulillahi. Lakini mama wa bibi harusi alipopata habari alinijia mimi mwalimu, na sikuwa na la kumjibu.

Nafundisha upigaji picha katika chuo cha ufundi, na kila Idi ikipita, harusi zinapoanza kufuatana, watu huniuliza wamchukue nani. Wanauliza bei, wanauliza aina ya kamera. Swali la kadi sijaulizwa hata mara moja.

Harusi ya Kiislamu ya kwetu huwa na pande mbili: wanaume wana nikahi msikitini na kirumbizi, mchezo wa fimbo, uwanjani, wanawake wana hina na kupamba. Kwa upande wa wanawake mpiga picha awe mwanamke, hilo halina mjadala, na familia nyingi hudhani limeishia hapo. Halijaisha. Ifuate picha hatua kwa hatua baada ya kupigwa. Nani ataihamisha kutoka kwenye kadi? Nani atarekebisha rangi? Albamu ikichapishwa Mombasa, aliyekaa kwenye mashine ni nani? Na je, simu au kompyuta yake haipandishi picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake anayo na mumewe? Anayeijua kazi hii atakujibu bila kununa, maana mwenyewe ashajiuliza.

Sheria nayo iko upande wako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake, na kuitumia kutangaza biashara kunahitaji idhini yake. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Ikiwa picha ya klabuni imefikia hapo, fikiria ya kupamba. Hata hivyo faini haikurudishii stara, kwa hiyo andikianeni mapema: hakuna picha ya upande wa wanawake itakayowekwa popote, iwe ukurasa wa kazi zake, iwe stetasi ya WhatsApp ya saa ishirini na nne.

Kuhusu kuangalia kazi zake, usihukumu kwa picha kumi. Hakuna aliyekosa picha kumi nzuri. Omba kuona harusi moja tangu mwanzo hadi mwisho: nikahi yote, au ya nje yote, uone zile za katikati ambapo watu wanakula, mtoto analia na taa zimefifia. Nimesema nikahi kwa makusudi. Ukimwomba akuonyeshe kupamba, naye akafungua simu pale pale akakupitishia mabibi harusi wa watu mmoja baada ya mwingine, mshukuru, mnywe chai, uondoke. Na wako ataonyeshwa hivyo hivyo.

Kisha kuna giza la nyumba zetu. Kuta nene za mawe ya matumbawe zinaleta baridi, lakini chumba cha ndani hakioni jua, na juu kuna boriti nyeusi. Aliyezoea kumbi za hoteli huelekeza flashi juu, akitarajia dari nyeupe imrudishie mwanga. Boriti hazirudishi kitu, zinaumeza. Akiona picha nyeusi anaigeuza flashi usoni moja kwa moja, dhahabu inamemeta mpaka kidani hakionekani nakshi, na uso wa bibi harusi unapauka kama umepakwa unga. Mjuzi huugonga mwanga kwenye ukuta wa chokaa, ule wenye zidaka, vile vishimo vya kuwekea vyombo, ukarudi laini kutoka ubavuni. Njia ya kumpima ni rahisi: mpeleke kwenye chumba chenyewe kabla ya siku, usiku, amkalishe binamu mmoja mahali pa bibi harusi apige tatu nne. Mkiwa huko mwulize huyo mpiga picha: bibi harusi akipambwa hutazama wapi? Akisema atamwambia acheke na kamera, hajawahi kuona mtu akipambwa kwetu, maana bibi harusi huinamisha macho.

Nje ni jua linalowakosesha watu. Wengi wanataka machweo baharini. Mji wa Lamu unatazama mashariki, jua linachomoza upande wa Manda na jioni linatua nyuma ya mji, kwa hiyo ukingoni kunakuwa kivuli mapema. Malindi nayo ni hivyo hivyo. Anayekuahidi jua likizama baharini ukiwa umesimama gatini, mwulize hiyo picha aliyokuonyesha aliipigia wapi. Mkitaka jahazi, afadhali alfajiri, na aulize maji yanajaa saa ngapi kabla ya kupanga saa.

Droni sizipendi, nasema wazi. Uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mkondo, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni lazima, na hata kikipatikana, kile chombo kinachungulia nyua na mapaa ya majirani ambao hawakualikwa.

Arubuni mpe, ila isizidi nusu, na upokee karatasi yenye tarehe ya kukabidhiwa kazi. Soma pia kipengele cha hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoiagiza huhesabiwa yako isipokuwa mkataba useme vingine, na mikataba mingi inayopakuliwa mtandaoni husema vingine.

Nirudi kwenye kadi. Watu hudhani ikishafutwa basi. Si hivyo: kufuta, hata kufomati kwa kawaida, huondoa orodha tu, na picha hukaa mle mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na programu za kuzirudisha ziko hata za bure. Kwa hiyo kadi za kupamba nunueni wenyewe. Chukueni mbili, kwani kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili na zaweza kuwekwa ziandike zote kwa pamoja, moja ikifa nyingine ipo. Picha zisafishwe nyumbani kwenu, mbele ya mmoja wenu. Harusi iliyofuata, yule yule binti alipomaliza kupiga, shangazi mwingine alinyoosha mkono, akapewa kadi zote mbili, akazifunga kwenye pindo la leso, akaenda kugawa biriani.