Kibarua kikiota nyasi, heri hutoka wapi?

Mtu akipunguzwa kazini hapa mjini, pole anazopata hufanana. Jirani humwambia kila jambo lina sababu yake. Shemeji humwambia Mungu akifunga mlango huu hufungua mwingine. Kwenye kundi la WhatsApp la familia hutumiwa picha ya tajiri fulani wa Marekani aliyefukuzwa kazi, akaja kuwa bilionea. Kazi yangu ni kuwashauri wafanyakazi walioachishwa kazi, Dar es Salaam, na wengi hunifikia wakiwa wameshayasikia yote hayo na ada ya watoto bado haijalipwa. Siwalaumu wanaotoa pole. Nimewaona kwa macho yangu watu ambao barua ya kupunguzwa iliwafikisha pazuri kuliko pale walipokuwa. Nimewaona pia waliozama. Ndiyo maana nataka tulitazame swali ambalo pole hizo huliruka: heri hiyo, inapopatikana, hutoka wapi hasa?

Kwanza ukweli usiopendeza. Mwaka 1993 wachumi watatu wa Marekani, Jacobson, LaLonde na Sullivan, walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania waliodumu miaka mingi kwenye ajira zao, kisha kampuni zao zikapunguza watu kwa mkupuo katika miaka ya 1980. Miaka mitano na zaidi baadaye, kipato chao kilikuwa bado chini kwa takriban asilimia 25 kulinganisha na ambacho wangekuwa wanapata. Kwa hiyo, tukipiga wastani, kupoteza kazi ni hasara, na ni hasara inayokaa. Wanaopata heri ni baadhi tu. Basi tuwachunguze hao baadhi.

Nadhani ufunguo mzuri uko kwenye tukio lisilohusu kupoteza kazi kabisa. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za London waligoma kwa siku mbili. Vituo vingi vilifungwa, vingine vikabaki wazi, na abiria wengi wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kufika makazini. Wachumi walifuatilia kadi za nauli za kielektroniki kabla na baada ya mgomo. Huduma iliporejea, kama abiria 1 kati ya 20 hakurudi tena kwenye njia yake ya zamani. Hawa ni watu waliokuwa wakisafiri kila siku ya kazi, wenye kila sababu ya kuijua njia bora, lakini hawakuwahi kujaribu nyingine kwa kuwa ile waliyoizoea ilikuwa inawafikisha.

Mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi hutufanyia vivyo hivyo. Unatufikisha, basi hatutafuti. Pigo linapokuja, faida yake ya kwanza ni kutulazimisha kutafuta. Ila tusiwasahau wale 19 waliorudi kulekule. Mgomo haukujenga reli mpya hata moja. Yule aliyepata njia bora aliipata kwa sababu ilikuwepo tangu zamani, umbali wa mtaa mmoja pengine, naye hakuwa ameitazama.

Mfano ninaoutumia mara nyingi zaidi ni wa Profesa Wangari Maathai, na huutumia kwa sababu watu wanaujua mwanzo wake na mwisho wake, hawaujui katikati. Mwaka 1982 alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971. Akataka kugombea ubunge katika uchaguzi mdogo, na ili agombee ilimlazimu kujiuzulu chuoni. Akajiuzulu. Kisha akaenguliwa kwa hoja ya kutojiandikisha upya kama mpigakura. Alipotaka kurudi chuoni akaambiwa nafasi yake imeshajazwa, na nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi aiache. Alikuwa na umri wa miaka 41, mama wa watoto watatu, ameshaachana na mumewe. Mshahara hakuna, nyumba hakuna.

Wasimuliaji wengi huruka kutoka hapo hadi Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Lakini rudi nyuma kidogo: Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, haikuzaliwa baada ya yeye kukosa kazi. Ilianza 5 Juni 1977, kwa miti saba iliyopandwa katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Kwa miaka mitano Maathai alikuwa akiisukuma pembeni ya kazi ya kufundisha: vitalu vya miche, mikutano na akina mama vijijini, kuomba fedha. Alipofungiwa mlango wa chuo, kazi hiyo ya pembeni ikapata mtu wa kuifanya kutwa nzima. Wafadhili, wakiwemo Jumuiya ya Misitu ya Norway na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia wanawake, wakaiwezesha kupanuka. Hadi anapokea Nobel, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Angebaki chuoni, huenda angekuwa profesa mwenye heshima zake anayepanda miti siku za mapumziko.

Kwa hiyo mtu akikaa mbele yangu na bahasha yake ya kaki, baada ya kusoma barua huwa naweka kalamu chini na kumuuliza: kazini, watu walikuwa wanakufuata kukuuliza nini ambacho hakimo kwenye barua yako ya ajira?

Dada mmoja alikuwa mtunza stoo wa vipuri vya magari. Kwa miaka kadhaa kazi yake rasmi ilikuwa kujibu "ipo" au "haipo" na kujaza leja. Nilipomuuliza swali hilo alifikiri kidogo, akatoa simu. Ilikuwa imejaa picha walizomtumia mafundi: kiganja cheusi kwa oili kimeshika kipande cha beringi, beringi yenyewe imegeuzwa ili namba zilizochongwa ubavuni zionekane. Fundi hajui spea hiyo ni ya gari gani, au anajua lakini haipo mjini. Dada akitazama namba anamjibu kwamba ya gari fulani inaingia hapo bila kuchonga kitu, au kwamba hiyo aliyouziwa ni feki, angalia mwandiko wa namba ulivyo mnene. Alikuwa akiwajibu bure, usiku, kwa kuwa aliipenda kazi ile na hakuipa jina.

Hakufungua duka. Alianza kuwanunulia mafundi spea kwa kamisheni katika maduka ya Gerezani, eneo la Dar es Salaam. Fundi anatuma picha na fedha kwa simu, yeye anatafuta, anakagua, anampa bodaboda apeleke gereji. Mtaji ulikuwa macho yake na orodha ya namba za simu. Miezi ya kwanza alipata chini ya mshahara wake wa zamani. Leo anapata zaidi, na jambo analolitaja kwanza akisimulia ni kwamba mafundi humwita kwa jina lake, si "stoo".

Sasa linganisha na wale matajiri wa kwenye WhatsApp. Michael Bloomberg ni kweli aliondolewa benki ya Salomon Brothers mwaka 1981 ilipouzwa, na mwaka uleule akaanzisha kampuni iliyokuja kumpa utajiri. Ila alikuwa mbia pale, na alitoka na takriban dola milioni 10. Nakiheshimu alichokifanya. Lakini anayekutumia picha yake bila kukutajia hizo milioni 10 anakuficha nusu ya habari.

Wewe je, unatoka na nini? Tufanye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inampa aliyepunguzwa, akiwa ametumikia angalau miezi 12, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, yaani siku 26 kwa mwezi, siku yake moja ni shilingi 30,000. Siku 7 ni 210,000. Hata kama alitumikia miaka 12, inahesabiwa 10: shilingi 2,100,000. Mishahara mitatu haijafika. Juu yake kuna notisi ya siku 28 au malipo badala yake, likizo ambayo hakuchukua, na nauli ya kumrudisha na familia yake mahali alipoajiriwa. Kenya kiwango ni kikubwa zaidi, si chini ya siku 15 kwa kila mwaka, lakini nako si fedha ya kutajirisha mtu.

Hapa ndipo nina msimamo mkali, na wateja wangu wanaujua. Fedha hiyo isiingie kwenye fremu ya duka miezi ya mwanzo. Nimeona kiinua mgongo kikiisha kabla duka halijafunguliwa: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwezi wa dalali, rangi, makabati, leseni. Siku ya kuweka bidhaa mtu anakopa. Hakuwahi kuuza chochote maishani mwake, ila alisikia kwamba ukipunguzwa unafungua biashara. Huyo hakutafuta njia iliyokuwepo karibu naye. Alikimbilia ya kwanza aliyoiona kwa sababu alitaka watu wamwone ana pa kwenda asubuhi.

Na aibu hiyo ni jambo zito, silidharau. Kuna akina baba wanaovaa shati la ofisini na kutoka saa kumi na mbili asubuhi wiki nzima, mke hajui, wanashinda kwenye mabenchi ya feri au kwa rafiki. Miaka ya mwanzo ya 1930, mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikaa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa na karibu kila familia ikakosa kazi. Walitegemea kwamba watu wenye muda mwingi hivyo watasoma zaidi, watajumuika zaidi. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walitembea taratibu, wakisimama kila baada ya hatua chache, kwa sababu hapakuwa na cha kuwahi. Wanawake, wenye nyumba za kuendesha, walitembea haraka zaidi. Mtu hawezi kutafuta njia mpya akiwa katika hali hiyo, na anayeficha kwamba amepunguzwa hakuna atakayemkumbuka kwa kazi. Yule dada wa spea, mteja wake wa kwanza wa maana aliletwa na dereva wa lori ambaye walikuwa wanasalimiana tu getini. Dereva alijua amepunguzwa kwa sababu dada alimwambia.

Kuna hatari nyingine inayokuja kabla ya yote hayo, siku ileile ya habari mbaya. Bosi anakuita faraghani, kwa upole kabisa, anakuambia: "Ndugu yangu, andika tu barua ya kuacha kazi, utatoka kwa heshima, nasi tutakupa mshahara wa mwezi na cheti kizuri." Usiandike. Cheti cha utumishi ni haki yako kisheria, hakuna anayekupa kwa hisani. Ukishasaini kwamba umeacha kwa hiari, kiinua mgongo kinapotea. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo linapotea, kwa kuwa halimhusu aliyejiondoa mwenyewe. Fao hilo, kwa waliochangia angalau miezi 18 na kutimiza masharti mengine ya mfuko, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Hiyo ndiyo miezi ya kutafutia. Kwa dada wa stoo, ndiyo iliyolipa chumba na chakula wakati kamisheni bado ni ndogo.

Tena mwajiri anayepunguza watu anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na wafanyakazi au chama chao kuhusu nani anaondoka, kwa vigezo gani na kwa malipo gani. Kama uliletewa barua tu asubuhi na mlinzi akakusindikiza getini, una hoja. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu CMA F.1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na nakala mpelekee mwajiri kwanza. Wengi huja kwangu mwezi wa tatu tangu waachishwe, baada ya kumaliza kusononeka.

Ukienda kwa mshauri au kwenye chama chako cha wafanyakazi, beba mkataba, barua ya kupunguzwa, hati za mishahara za miezi ya karibuni na taarifa ya michango kutoka NSSF. Ongeza na karatasi moja uliyoiandika mwenyewe nyumbani: majina ya watu wote waliokuwa wakikupigia simu kukuuliza mambo, na mbele ya kila jina, walikuwa wanauliza nini.