Kupanga Dar es Salaam: unakagua chumba, mtaa umeusahau

Anayehamia Dar es Salaam kutoka Mbeya, Mwanza au Tanga hufika na ushauri tele wa ndugu na marafiki. Mwingine ulikuwa kweli zamani, mwingine haujawahi kuwa kweli hata siku moja. Ninaousikia zaidi ni huu hapa, na karibu wote una kasoro ileile: mtu anaangalia vigae na dari, mtaa hauulizii.

"Ukikaa mbali na mjini unaokoa hela"

Swali la kwanza ni kazi yako iko wapi. Tuseme unafanya kazi Kariakoo, na umepata chumba cha 80,000 huko ndani Mbezi, wakati Sinza umekuta cha 150,000. Unaona umeokoa 70,000. Sasa tangazo la Mbezi linasema "dakika tano kutoka lami". Dakika hizo ni za bodaboda, tena bodaboda mwenye haraka zake. Akikutoza 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 26 za kazi ni 52,000, na hapo hujapanda bado gari la kwenda mjini. Mvua ikinyesha nauli inapanda, au anakuambia kabisa kwamba kule kwenye tope hafiki. Ila kama unafundisha shule ya Kibamba, Mbezi ndiyo kwako, na Sinza ingekuumiza.

Kigamboni nayo ina hesabu zake, ya daraja lililofunguliwa 2016 na ya kivuko cha Magogoni. Popote pale, ipite njia hiyo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kabla hujalipa. Madalali wanapenda sana kukupeleka Jumapili mchana, barabara ikiwa nyeupe.

"Rangi mpya maana yake nyumba imetunzwa"

Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia, kwa sababu wanakuja kiangazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Jangwani na Kigogo kila mtu anazijua. Lakini maji hayachagui mitaa ya wasio nacho: yanatuama hata Mikocheni na sehemu za Msasani, na popote ambapo mtaro umezibwa na takataka au mtu kajenga juu yake.

Ukifika, inama uangalie chini. Je, rangi mpya imepakwa futi mbili za chini tu, huku juu ikiwa ya zamani? Soketi zimepandishwa juu kuliko kawaida? Mlangoni kuna kizingiti cha tofali ambacho hakikuwa kwenye nyumba ilipojengwa? Chungulia kwa jirani kama kitanda na friji vimeinuliwa juu ya matofali. Kisha nenda kwa mangi, mwenye duka la mtaani, nunua soda, umuulize masika maji huwa yanafika wapi. Hatakuhutubia, ataonyesha kwa mkono: hapa, magotini. Mangi hapati kamisheni kwenye chumba hicho.

Hapohapo fungua bomba unawe kwa sabuni. Isipotoa povu, maji ni ya kisima na yana chumvi, kwa hiyo ya kunywa utanunua. Kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, uliza wapangaji yanatoka siku gani, na simtanki ni la nani.

"Madalali wote matapeli, wakwepe"

Wapo matapeli, tena wengi. Lakini vyumba vingi vya jiji hili vinapita mikononi mwa madalali, na mwenye nyumba mwenyewe atakurudisha kwao. Cha kujua ni kwamba dalali analipwa nyumba ikipata mtu, siyo ukiishi vizuri. Ada yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, unalipa wewe, na wengi wanataka pia hela ya kuonyeshwa nyumba. Kwa chumba cha 150,000 kwa miezi sita, jiandae na 1,050,000. Akikwambia kuna mtu analeta hela jioni, mwache huyo mtu alete. Kodi mkabidhi baba au mama mwenye nyumba baada ya majirani kukuthibitishia kwamba ndiye, na uandikiwe. Ule ujumbe wa "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma kwenye namba hii" sote tumeupata, hata tusiopanga.

"Serikali ilishakataza kodi ya miezi sita"

Viongozi wamelisema jambo hili majukwaani, ndiyo maana watu wanaamini. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Bei na idadi ya miezi ni makubaliano yenu. Omba mitatu kwa adabu. Chumba kikiwa kimekaa wazi muda mrefu unaweza kukubaliwa.

"Kodi ya jengo kwenye LUKU ni ya mpangaji"

Ni ya mwenye nyumba. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Kubalianeni mapema ipunguzwe kwenye kodi ya chumba, na utunze meseji za LUKU maana makato yameandikwa humo. Mita iliyokaa bila kununuliwa umeme hulimbikiza deni, na deni hilo linakatwa kwa atakayenunua kwanza.

"Uswahilini utaibiwa"

Kwenye nyumba ya vyumba sita Manzese, ukumbini hakosi mtu anayekaanga au anayesuka nywele, na mgeni akipita anaulizwa anamtafuta nani. Kwenye ukuta mrefu wenye seng'enge, mwizi akisharuka ndani hakuna anayemwona. Kelele za usiku ni kweli zipo, na foleni ya choo ipo.

Pote uendako, jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wiki ileile unayohamia. Benki au NIDA wakikutaka barua ya utambulisho, mwenyekiti wa mtaa atauliza kwanza unakaa kwa nani na tangu lini.