Heo Heon na pingamizi la Seoul

Kila ninapofundisha pingamizi la awali, yaani hoja ya kuizuia kesi kabla haijasikilizwa, katika somo langu la historia ya sheria, naanza na Seoul ya mwaka 1920, kwa sababu sijapata kumsoma wakili aliyeitumia silaha hiyo mbele ya mkoloni kwa ujasiri kama Heo Heon.

Tarehe 1 Machi 1919 lilitolewa tangazo la uhuru wa Korea kutoka kwa Wajapani, na maandamano yakaenea nchi nzima. Watu 48 waliohesabiwa kuwa vinara wakashtakiwa, kwanza kwa uasi, kosa lililokuwa la Mahakama Kuu. Mwezi Machi 1920 Mahakama Kuu iliamua kwamba matendo yao hayakufikia uasi, ikaitaja Mahakama ya Wilaya kuwa ndiyo yenye mamlaka ya kuwasikiliza. Heo, aliyekuwa na umri wa miaka 35, aliisoma amri hiyo neno kwa neno, akabaini kwamba ilitaja mahakama yenye mamlaka lakini haikuwa na sentensi ya kulipeleka shauri huko. Kama shauri halikupelekwa, alihoji, basi mbele ya mahakama hii hakuna kesi. Mwezi Agosti jaji wa Kijapani alilikubali pingamizi hilo.

Upande wa mashtaka ulikata rufaa, uamuzi ukatenguliwa, na mwezi Oktoba vikatolewa vifungo visivyozidi miaka 3. Wapo wanaoiona hoja ile kuwa mchezo wa maneno tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Utawala uliojinadi kuwa unafuata sheria ulibanwa hadharani kwa maandishi ya mahakama yake wenyewe, na aliyeubana alikuwa Mkorea.

Mwaka 1923 yeye na wenzake, wakiwemo Kim Byeong-ro na Yi In, waliunda umoja wa mawakili waliowatetea wanaharakati. Baadaye aliongoza Singanhoe, jumuiya iliyowaunganisha wazalendo wa mrengo wa kushoto na wa kulia. Mwishoni mwa mwaka 1929, alipoandaa mkutano wa hadhara kuwaunga mkono wanafunzi wa mji wa Gwangju walioandamana dhidi ya Wajapani, alikamatwa, akafungwa na kupoteza leseni yake ya uwakili.

Siasa zilimchukua kabisa baada ya mwaka 1945. Aliongoza Chama cha Wafanyakazi cha Korea Kusini, na mwaka 1948 akahamia kaskazini, akawa mwenyekiti wa Bunge Kuu la Wananchi, bunge la Korea Kaskazini. Uamuzi huo ndio uliomfanya asizungumzwe kusini kwa miaka mingi, na naona ni hasara kubwa kwa wanasheria wa huko. Alikufa maji mwaka 1951, wakati wa vita, akivuka mto. Mwaka huo Kim Byeong-ro alikuwa Jaji Mkuu wa Korea Kusini, na Yi In alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa kwanza wa Sheria wa nchi hiyo.